Kihisi cha mwendo kikikusumbua: dalili, visababishi na pa kuanzia

Malalamiko yanayofika kwenye meza za mafundi wa elektroniki hapa Nairobi kuhusu vihisi vya mwendo hufanana mno. Mwanafunzi kutoka Juja ana roboti ya magurudumu mawili inayoangukia mbele. Mpiga picha za harusi ana gimbali, yaani kishikio cha kusawazisha kamera, inayolaza kamera upande. Mwenye droni anasema dira imepotea. Wote huja na hukumu tayari: kihisi kimekufa, niende Luthuli Avenue ninunue kingine. Mara nyingi kihisi ni kizima. Tatizo liko kwenye waya, umeme au hesabu za programu, au kihisi kimeulizwa jambo ambalo hakina njia ya kulijua.

Hilo la mwisho ndilo linalowamaliza watu muda, kwa hiyo tuliweke wazi kwanza. Kihisi cha MPU-6050, ambacho ndicho kimejaa madukani, kina vifaa viwili vya kupimia ndani ya chipu ya milimita 4 kwa 4. Jairo hupima kasi ya kugeuka, digrii kwa sekunde. Ndani yake kuna vipande vya silikoni vinavyotetemeshwa muda wote. Ukikigeuza kihisi, nguvu ya Coriolis huvisukuma pembeni kidogo sana, na chipu hupima msogeo huo. Aksilerometa nayo husikia uvutano wa dunia pamoja na kila msukumo mwingine, na haiwezi kuvitenganisha. Kila kimoja hupima kwenye mihimili mitatu, X, Y na Z, ndiyo maana huitwa kihisi cha mihimili 6. Vihisi vya mihimili 9 kama MPU-9250 na BNO055 huongeza magnetometa, inayosoma uga wa sumaku wa dunia.

Maana yake ni hii: kuinama mbele na nyuma, na kulala ubavuni, hujulikana kwa uvutano. Kugeuka kushoto na kulia hakujulikani kwa uvutano hata kidogo. Zungusha bodi iliyolala bapa mezani, uvutano unabaki pale pale. Bila magnetometa, kugeuka hukadiriwa tu kwa kujumlisha kasi ya jairo, na makosa nayo yanajumlishwa humo humo.

Kanuni ninayoisisitiza kwa kila mtu: soma namba ghafi kabla ya kugusa kichujio, yaani hesabu za programu zinazounganisha usomaji wa jairo na aksilerometa kuwa pembe. Zima Kalman, zima Madgwick, zima kila kitu, kisha chapisha namba sita, tatu za aksilerometa na tatu za jairo, kama zinavyotoka kwenye chipu. Aksilerometa ikiwa kwenye kipimo chake cha kawaida cha g 2 (g 1 ni uvutano wa dunia), bodi iliyolala bapa inapaswa kutoa kitu kama hiki:

X 212, Y -148, Z 16290

Z iko karibu na 16384, ambayo ndiyo g 1, na nyingine ziko karibu na sufuri. Isimamishe kwa ubavu mmoja: sasa X au Y ndiyo iende kwenye 16384, au -16384 ukiigeuza upande wa pili. Pitia pande zote sita. Pande zote zikikubali, aksilerometa yako ni nzima, na hitilafu itafute kwingine. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote.

Hakionekani kabisa

Kihisi huongea na bodi inayokiendesha kwa I2C, njia ya nyaya mbili: SDA ya data na SCL ya mapigo ya saa. Programu ya kutafuta anwani za I2C inasema hakuna kitu. Kisababishi kinachoongoza ni pini ambazo hazijalehemiwa. Moduli nyingi huuzwa na safu ya pini kando, na mtu huzipenyeza tu kwenye matundu akaanza kazi. Zinagusana ukibonyeza kwa kidole, ukiachilia zinakatika. Chukua kioo cha kukuzia uangalie kila pini: lehemu nzuri inang'aa na imepanda kwenye pini hadi ikajaza tundu. Ukiona duara jeusi jembamba kati ya pini na pete yake ya shaba, hapo hakuna mguso.

Cha pili ni nyaya kwenda pini zisizo zake. Kwenye GY-521, bodi inayobeba MPU-6050, mpangilio ni VCC na GND (chanya na hasi ya umeme), SCL, SDA, XDA, XCL, AD0, INT. XDA na XCL ni za kuunganisha kihisi kingine nyuma ya hiki, ila kwa jinsi zinavyofanana kwa jina, watu wengi huchomeka humo. Pia kumbuka SCL hutangulia SDA. Upande wa Arduino Uno, SDA ni A4 na SCL ni A5. Kwenye ESP32, kwa kawaida ni 21 na 22.

Cha tatu ni umeme. Pima kwa multimeta kwenye pini za bodi yenyewe, sio kwenye chanzo, kwa sababu nyaya za jampa za bei ya chini hupoteza volti au hukatika ndani ya plastiki bila kuonekana. Chipu hutumia volti 3.3. GY-521 ina kirekebishi chake cha volti, hivyo VCC inavumilia volti 5, lakini bodi ndogo zisizo na kirekebishi huungua. Kama hujui yako ni ipi, anza na 3.3.

Halafu kuna hili ambalo huchanganya hata wazoefu: saa za DS1307 na DS3231, zinazowekwa kwenye miradi mingi ya kurekodi data, hutumia anwani 0x68, ile ile ya MPU-6050. Ukiviweka pamoja, vinajibu kwa wakati mmoja na namba zinakuwa upuuzi. Unganisha AD0 na volti 3.3, kihisi kihamie 0x69, na uibadilishe pia kwenye programu.

Kama kinajibu kwenye anwani yake lakini maktaba (msimbo wa tayari unaoendesha kihisi) inasema muunganisho umeshindikana, soma rejista (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu) ya utambulisho, 0x75. MPU-6050 halisi husema 0x68. Ukipata 0x70, 0x72 au 0x98, una chipu nyingine iliyofungwa kwenye bodi ile ile. Mara nyingi hufanya kazi vizuri ukiondoa ukaguzi huo kwenye maktaba. Kwa aliyenunua MPU-9250, kusoma rejista hii ni lazima kabla hajatoka dukani kama ana njia: MPU-9250 husema 0x71, na ikisema 0x70 umeuziwa MPU-6500, isiyo na magnetometa kabisa. Hapo hakuna programu itakayokupa kaskazini. Rudisha.

Kinaonekana, lakini namba zote ni sufuri

Kimelala. MPU-6050 huamka ikiwa imezimwa kwa makusudi. Rejista 0x6B huanza na thamani 0x40, yaani hali ya usingizi. Andika 0 humo kabla ya kusoma chochote. Kama ilikuwa inafanya kazi na ghafla ikarudi sufuri, umeme wa kihisi ulikatika kwa nukta moja na kikaanza upya kikiwa usingizini, huku programu yako haina habari. Hilo ni tatizo la umeme, na karibu kila mara mota zinahusika.

Magnetometa pekee ya MPU-9250 kutoonekana ni jambo jingine: iko kwenye anwani yake, 0x0C, na imefichwa nyuma ya chipu kuu hadi uwashe biti ya kupitisha kwenye rejista 0x37.

Kinageuka chenyewe kikiwa kimetulia mezani

Hii ndiyo dalili inayoletwa kuliko zote, na ndiyo ninayoomba watu waielewe kwa kina.

Kisababishi cha kwanza ni sufuri ya jairo. Hakuna jairo linalosoma sufuri kamili likiwa limetulia. Ni sawa na mizani ya muuza nyama ambayo mshale wake hauanzii mwanzo. Karatasi ya kiwanda ya MPU-6050 yenyewe inaruhusu kosa la hadi digrii 20 kwa sekunde, ambalo kwa kipimo cha jairo cha digrii 250 kwa sekunde ni hesabu ghafi 2,600 hivi. Kwa hiyo ukiona 300 kihisi kikiwa kimetulia, hicho si kibovu. Dawa: kila unapowasha, kiache tuli, soma mara 500 au 1,000, tafuta wastani wa kila mhimili, kisha utoe wastani huo kwenye kila usomaji unaofuata.

Sharti ni utulivu wa kweli. Meza ambayo printa inafanya kazi juu yake haifai, wala mkono wa mtu. Gimbali nyingi "mbovu" zinazoletwa na wapiga picha zina kisa hiki: imewashwa mkononi mtu akishuka garini, ikachukua mwendo wa mkono ule kuwa ndiyo sufuri, na kazi nzima kamera ikawa inaelea polepole kuelekea upande mmoja. Iweke chini, iwashe, isubiri itoe ishara yake, ndipo uinue. Hakuna cha kufungua.

Kisababishi cha pili ni joto. Sufuri ya jairo huhama chipu ikipata joto. Asubuhi ya Julai Nairobi baridi ni kali, na kihisi kilichopimwa sufuri dakika ile ile ya kuwashwa kitakuwa kimehama baada ya dakika chache. Tazama kipimajoto kilichomo ndani: gawanya namba ghafi kwa 340, ujumlishe 36.53, unapata nyuzi za Selsiasi. Ngoja namba hiyo itulie, ndipo upime sufuri. Na usikiweke kihisi ubavuni mwa kirekebishi cha volti au chipu ya ESP32 inayotumia Wi-Fi, kwani hizo hupanda na kushuka joto kila mara.

Kisababishi cha tatu si ubovu kabisa. Ukishafanya yote hayo, jairo zuri bado litabaki na kosa dogo. Tuseme digrii 0.1 kwa sekunde. Kwa dakika moja ni digrii 6, kwa saa ni mzunguko mzima. Mtu huhama kutoka kichujio cha kukamilishana kwenda Mahony, kutoka Mahony kwenda Madgwick, akidhani kichujio bora kitamponya. Hakitamponya, kwa sababu hakuna kichujio kinachoweza kuzalisha habari ya kaskazini ambayo kihisi hakikuipokea. Una njia tatu za kweli: ongeza magnetometa, au ongeza chanzo cha nje kama kamera au GPS ya chombo kinachosonga, au, kwa vifaa vinavyosimama mara kwa mara, pima sufuri upya kila kinaposimama. Hii ya tatu haithaminiwi inavyostahili. Kwa mradi wa kufuatilia mwendo wa mguu wa mtu anayetembea, kila unyayo unapokanyaga chini ni nafasi ya kusahihisha.

Jinsi ya kutofautisha: kiache dakika 10. Kama kugeuka pekee ndiko kunakohama na kuinama kumetulia, uko kwenye hali ya kawaida ya mihimili 6. Kama hata kuinama kunahama, kichujio chako hakisikilizi aksilerometa. Kagua uzito ulioipa. Kwenye kichujio cha kukamilishana, jairo huanza na 0.98 na aksilerometa 0.02.

Unageuza digrii 90, kinasoma 45, au 60

Kikisoma nusu kamili, umebadilisha kipimo cha jairo ukasahau kigawanyo. Kwa 250 unagawanya kwa 131. Kwa 500 ni 65.5, kwa 1,000 ni 32.8, kwa 2,000 ni 16.4.

Kikisoma sehemu isiyoeleweka, na inabadilika kila unapoongeza mistari ya programu, tatizo ni muda. Programu inadhani kila mzunguko ni milisekunde 10 kumbe ni 15. Digrii 90 zinakuwa 60. Usiandike muda kwa kukisia, upime kwa saa ya mikrosekunde kila mzunguko. Mwizi mkubwa wa muda ni kuchapisha kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde: mstari wa herufi 40 hula zaidi ya milisekunde 40. Panda hadi 115200, au chapisha mara moja kwa kila mizunguko 20.

Kikiwa sawa ukigeuza polepole na kikikosea ukigeuza haraka, kipimo kimejaa. Kiganja cha mtu hupita digrii 250 kwa sekunde bila juhudi. Tazama kama namba ghafi zinagota kwenye 32767. Zikigota, panda kipimo. Na kama pembe haipiti 1.57 hata ufanye nini, hizo ni radiani. Zidisha kwa 57.3.

Pembe inatetemeka, au inainama bila kuinamishwa

Kwanza jishike hapa: je, mota zikiwa zimezimwa kinatetemeka? Kama hapana, mtetemo unatoka kwenye chombo. Anza na kilichoshikilia kihisi. Bodi inayoning'inia kwa nyaya zake itatetemeka kila wakati. Ifunge kwenye fremu kwa tepu ya sponji ya pande mbili, iwe katikati ya chombo, mbali na mota. Skrubu zikikazwa mno zinapinda bodi na kuhamisha sufuri ya aksilerometa, nalo ni jambo la kukagua. Kwenye droni, tafuta propela iliyochubuka au isiyo na uzani sawa kabla ya kulaumu chochote.

Baadaye ndipo uje kwenye kichujio cha ndani ya chipu, rejista 0x1A. Thamani 3 hukata mtetemo ulio juu ya hezi 44 hivi na kuchelewesha usomaji kwa milisekunde 5 tu. Thamani 6 hushuka hadi hezi 5, mistari inakuwa laini ya kupendeza, lakini ucheleweshaji hufika karibu milisekunde 19. Roboti ya kujisawazisha ikipewa habari za zamani kiasi hicho huanza kuyumba yumba na mwishowe kuanguka, na mwenyewe huongeza kichujio zaidi akidhani ni mtetemo. Nakushauri 3, uangalie, ubadilishe hatua moja moja.

Kuinama bila kuinamishwa kunahitaji maelezo zaidi. Funga kihisi kwenye sakafu ya matatu Thika Road. Dereva akifunga breki kwa 0.3 ya g, aksilerometa huona uvutano na breki kama mshale mmoja ulioinama, na itakuapia kwamba gari limeinama karibu digrii 17. Ushauri unaosambaa ni kupuuza aksilerometa kila inapokuwa mbali na g 1. Fanya hesabu uone: 0.3 kwa mlalo na 1 kwa wima hutoa jumla ya 1.04. Ukiweka mpaka wa asilimia 10, breki hiyo inapita bila kukamatwa. Kinachosaidia ni kuipa aksilerometa uzito mdogo kwa muda mrefu, ukiliamini jairo kwa sekunde chache za breki, au kuchukua mabadiliko ya kasi kutoka GPS ukayatoa kwenye usomaji.

Kaskazini imehama

Hapa uliza kwanza: umepima magnetometa upya mahali inapofungwa? Kuipima ukiwa na bodi tupu mkononi kisha kuifunga kwenye fremu yenye skrubu za chuma na betri ni kazi bure. Chombo kikiwa kamili, kizungushe kwa umbo la namba 8, pande zote, dakika moja au mbili, ukirekodi namba za juu na za chini za kila mhimili. Katikati yake ndiyo kosa la kutoa. Kwa BNO055, fuata hali ya upimaji inayojionyesha yenyewe kutoka 0 hadi 3, na usianze kazi kabla magnetometa haijafika 3.

Kisha tazama ukubwa wa jumla wa uga. Nairobi ni karibu mikrotesla 33 au 34. Unapozungusha chombo, jumla hiyo inapaswa kubaki pale pale. Ikipanda 60 na kushuka 15, kuna sumaku au chuma karibu: spika ya kompyuta, kifuniko cha simu chenye sumaku, meza ya chuma, nondo za sakafu ya zege, paa la mabati lililo juu ya kichwa chako. Toka nje, simama kwenye nyasi, rudia. Ukipata nafuu hapo, kihisi chako hakina kosa.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati ambayo wengi hawaitumii. Uga wa hapa umelala karibu mlalo, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu yake inafaa kwa dira. London uga una nguvu zaidi, lakini umezama ardhini sana hivi kwamba sehemu ya mlalo ni ndogo kuliko yetu. Magnetometa ikikataa kutulia Nairobi, usikubali maelezo kwamba "huku sumaku ni dhaifu".

Kaskazini ikihama kila ukiongeza mwendo wa mota, ni mkondo wa umeme. Waya mmoja wenye ampea 10, ulio sentimita 10 kutoka kwenye kihisi, hutoa mikrotesla 20, zaidi ya nusu ya uga wa dunia tulio nao. Sokota waya wa kwenda na wa kurudi pamoja ili uga wao ufutane, na uinue magnetometa juu ya mlingoti mdogo. Ndiyo sababu droni nyingi huweka dira pamoja na GPS juu kabisa.

Kosa ambalo halihami, la digrii 13 au 14 kila mahali, lina chanzo cha kuchekesha kwa urahisi wake: programu moja ya mfano ya MPU-9250 iliyonakiliwa sana imeandikiwa Danville, California, na ndani yake kuna mkengeuko wa sumaku (tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi) wa digrii 13.8. Nairobi mkengeuko haufiki digrii 2. Tafuta namba hiyo kwenye msimbo wako uibadilishe.

Na kama kaskazini huhama unapoinamisha tu kihisi, kumbuka kwamba ndani ya MPU-9250 mihimili ya magnetometa haijalingana na ya jairo: X na Y zimebadilishana, na Z imegeuzwa. Zipange upya kabla ya kuzipeleka kwenye kichujio.

Pembe inaruka ghafla

Kuruka kutoka 179 hadi -179 ni sehemu moja ya duara yenye majina mawili. Usichukue wastani wa namba hizo, utapata sufuri, upande wa nyuma kabisa. Kuruka kila kihisi kikisimama wima karibu digrii 90 ni udhaifu wa pembe tatu zenyewe, ambapo kulala na kugeuka huwa jambo moja. Hesabu kwa kwatenioni, yaani namba nne zinazoeleza mkao bila udhaifu huo, ugeuze kuwa pembe mwishoni tu, kwa ajili ya macho ya mtu.

Kinafanya kazi, halafu kinaganda

Kwenye Arduino, mota zinapovuta umeme ghafla, kelele huingia kwenye njia ya I2C, kihisi kinabaki kimeshikilia SDA chini, na programu inasubiri milele. Tenga umeme wa mota na wa kihisi, unganisha GND zao mahali pamoja, weka kapasita karibu na kihisi, fupisha nyaya hadi chini ya sentimita 20. Ukishindwa, shusha kasi kutoka 400 hadi kilohezi 100, na uwashe kikomo cha kusubiri kwenye maktaba ya Wire. Mpigo wa saa mara 9 kwenye SCL hukiachisha kihisi kilichong'ang'ania SDA.

Ukiona ujumbe kwamba FIFO (ghala la muda la usomaji ndani ya chipu) imefurika, programu yako inachelewa kusoma. Ghala hilo lina baiti 1,024 pekee, na mara nyingi mhalifu ni amri ya kusubiri uliyoiweka kwenye mzunguko mkuu.

BNO055 na Raspberry Pi zina ugomvi wao: kihisi huomba saa ya I2C isubiri, na Pi hukosea kusubiri. Tumia UART, njia nyingine ya mawasiliano, badala ya I2C.

Skrini ya simu haijizungushi tena baada ya matengenezo

Kama simu ilianguka majini na ikasafishwa kwa mashine ya mawimbi ya ultrasoniki, kihisi chake cha mwendo kinaweza kuwa kimevunjika ndani, kwa sababu mawimbi hayo hutetemesha sehemu zile zile ndogo zilizoundwa ili zitetemeke. Mwambie fundi mapema asiitumbukize bodi humo. Ikishatokea, chipu hubadilishwa, na hiyo ni kazi ya mwenye kifaa cha hewa moto na darubini.

Hapa acha, mwite mwenye ujuzi

Betri ya lithiamu iliyovimba, au seli iliyopita volti 4.2: usiichaji, usiitoboe, itoe nje ya nyumba.

Droni: majaribio yote ya kihisi yafanyike propela zikiwa zimetolewa. Kama baada ya kupima sufuri na dira bado inaelea, usiirushe juu ya watu ili kuona kama imepona. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, KCAA, husajili droni chini ya kanuni za mwaka 2020, na ndege isiyojua imeinama wapi haifai kuwa angani.

Gari: taa ya udhibiti wa utulivu ikiwaka baada ya kubadilisha betri, huenda kihisi cha kugeuka kinahitaji kupimwa sufuri kwa mashine ya uchunguzi. Kwenye magari mengi kiko chini ya konsoli ya kati, jirani na kisanduku cha mifuko ya hewa. Usikigonge, usipime nyaya zake kwa multimeta, usikifungue. Lipeleke gari kwa fundi mwenye mashine.

Kifaa chochote kinachosaidia mgonjwa kutembea au kinachobeba mtu kisirudi kazini kwa sababu namba zinaonekana nzuri mezani. Kikaguliwe na aliyekitengeneza.

Ukienda kwa fundi, mpelekee vitu vinne: picha ya nyaya kwa pande zote mbili za bodi, usomaji wa rejista 0x75, faili la namba ghafi za dakika moja kihisi kikiwa kimetulia, na jingine la dakika moja mota zikizunguka.